Je, Wajua? Moyo, Kutoka Podo la Mwindaji hadi Wodi ya Muhimbili

Je, wajua kwamba dawa ya moyo iliwahi kutoka kwenye podo la mwindaji? Kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, kumechorwa wanyama wa porini na watu wembamba, wengine wakiwa na pinde. Mary Leakey alifika kuinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wachoraji hawakutuambia walipaka nini kwenye ncha za mishale yao. Lakini Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaowinda kwa upinde hadi leo, hutengeneza sumu ya mmea wa jamii ya Strophanthus, nayo humwangusha mnyama kwa kumvuruga moyo.

Je, wajua kwamba tabibu wa Kizungu aliijua nguvu ya sumu ya aina hiyo kupitia mswaki? John Kirk, mganga wa msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi (1858–1863), alikuwa ameuweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu ya mishale. Alipousugua mdomoni alisikia uchungu, kisha mapigo yake ya moyo yakapungua. Mwingine angepiga mayowe; yeye alijipima mapigo. Ndiye huyo Kirk aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichambua sumu hiyo maabara, na mwaka 1906 Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, akaanza kuwadunga kwa vipimo vidogo wagonjwa ambao mioyo yao imechoka. Wajerumani waliitumia miaka mingi. Binamu yake, digoksini, inayotokana na ua la Ulaya, bado inaandikwa hospitalini. Mwindaji aliyeitengeneza sumu ile ya Kirk hatajwi katika kisa hiki.

Je, wajua kwamba moyo ulioshindwa haujasimama? Unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha mwilini. Maji hujaa mapafuni, miguu huvimba, mtu hulala amekaa. Shambulio la moyo ni jambo jingine: mshipa unaoilisha nyama ya moyo huziba ghafla, na nyama hiyo huanza kufa. Anayenusurika na shambulio anaweza kubaki na moyo ulioshindwa, na hapo ndipo ndugu hawa wawili hukutana.

Je, wajua kwamba wagonjwa wa moyo ulioshindwa nchini Tanzania walipofuatiliwa kwa makini, picha iliyotokea haikufanana na ya vitabu vya Ulaya? Kazi hiyo inaitwa TaHeF. Iliongozwa na Dk. Abel Makubi, sasa Profesa, akishirikiana na wenzake wa Muhimbili na wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm. Walichukua wagonjwa 427 wa Muhimbili na kuwafuatilia mmoja mmoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Ulaya na Marekani, mtuhumiwa wa kwanza huwa mishipa ya moyo iliyoziba. Muhimbili, mishipa iliyoziba ilikuwa chanzo kwa asilimia 9 tu. Shinikizo la damu lilibeba asilimia 45, magonjwa ya nyama ya moyo yenyewe asilimia 28, na asilimia 12 ni valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na koo la mtoto kuuma na kuachwa bila dawa.

Umri ndio unaouma zaidi. Wastani wa wagonjwa wa Muhimbili ulikuwa miaka 55. Walipolinganishwa baadaye na wagonjwa wa Sweden, Waswidi walikuwa wamewazidi kwa takriban miongo miwili. Maana yake ni kwamba Stockholm anaugua babu aliyekwisha kustaafu, huku kwetu anaugua mtu mwenye shamba la alizeti linalomsubiri na watoto wanaodaiwa michango ya shule.

Je, wajua kwamba Makubi hakuishia kwenye moyo, akaigeukia damu yenyewe? Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu hawakuwa na madini ya chuma ya kutosha. Nadhani hili ndilo tunda tamu kuliko yote ya utafiti ule. Kipimo cha wingi wa damu hakihitaji mtambo wa mabilioni. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kukiagiza asubuhi na kupata jibu kabla ya mchana.

Mtafiti huyo hakuachwa akae na takwimu zake. Aliongoza Hospitali ya Bugando, Mwanza, akawa Mganga Mkuu wa Serikali, kisha Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, akaiongoza Taasisi ya Mifupa Muhimbili, halafu akapelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, jijini Dodoma. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 2015, na kwa mtu wa Kolo ni mojawapo ya hospitali kubwa zilizo karibu.

Je, wajua kwamba miaka mia moja iliyopita presha ilikuwa adimu vijijini kwetu? Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakumwona hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Baadaye watafiti wengine waliwafuatilia Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi, na matokeo yakatoka mwaka 1990. Presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani tangu mwezi wa kwanza tu. Chumvi ilikuwa imeongezeka mwilini mwao, na uzito pia.

Kuhusu chumvi, soda na chipsi, Mtanzania hahitaji kukumbushwa. Profesa Mohamed Janabi amekwisha kumharibia hamu. Daktari huyo wa moyo alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Utani juu ya ushauri wake wa chakula umefika kwenye harusi, na bado sahani hujazwa.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa vipimo vya Donnison, 1929, Mjerumani kijana aliingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe na kuusukuma hadi moyoni? Werner Forssmann alikuwa amekatazwa na mkuu wake. Alimdanganya muuguzi kwamba atafanyiwa yeye, akamfunga mezani, kisha akajitoboa. Halafu akateremka ngazi kwa miguu kwenda kupigwa picha ya eksirei. Nobel ilimfikia mwaka 1956. Kila mshipa unaozibuliwa leo Dar es Salaam hupitia njia aliyoifungua.

Je, wajua kwamba dawa inayoupunguzia moyo mwendo ilihesabiwa kuwa marufuku kwa moyo uliochoka? Mwaka 1975, Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliwapa wagonjwa 7 tu dawa za jamii hiyo, nao wakapata nafuu. Wengi hawakuamini. Majaribio makubwa yaliyomaliza ubishi yalikuja mwaka 1999, na leo dawa hizo ni nguzo ya tiba. Robo karne ilipita wagonjwa wakikosa dawa iliyokwisha kuwepo dukani.

Je, wajua kwamba mashambulio ya moyo yalikuwa yakipita mbele ya macho ya wahudumu bila kutambuliwa? Dk. Julian Hertz wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake Watanzania, walikaa mlangoni pa idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi. Kila mtu mzima aliyekuja na maumivu ya kifua au pumzi kukata, aliyekubali kushiriki, alipimwa umeme wa moyo na kuchukuliwa damu kupimwa troponini, protini inayovuja pale nyama ya moyo inapokufa. Kati ya watu 681, 152 walikuwa na shambulio la moyo, zaidi ya mmoja katika kila watano. Waliokuwa wametambuliwa na madaktari waliowahudumia siku hiyo walikuwa wachache mno. Ndani ya siku 30, asilimia 43 ya wale 152 walikuwa wamefariki.

Kwa miaka mingi tuliambiwa shambulio la moyo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Takwimu za Moshi zinatulazimisha kuuliza ni wangapi walizikwa kwa jina la malaria, nimonia au vidonda vya tumbo. Hata ile asilimia 9 ya Muhimbili naisoma kwa tahadhari: ni hesabu ya waliofika hospitali wakiwa hai. Kundi la Moshi lilitafuta dawa ya tatizo hilo, na sehemu yake moja ni kadi tu. Mgonjwa mwenye dalili anakabidhiwa kadi mapokezi, imkumbushe mhudumu kupima umeme wa moyo.

Je, wajua kwamba saa ndiyo dawa ya kwanza? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Kolo iko kilomita 180 hivi kutoka Dodoma. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imekata safari ile ya vumbi ya kutwa nzima ikawa ya saa chache. Kwa hiyo mtu wa Kolo anaweza kuwahi, mradi asianze kwa kulala aone kama kifua kitaachia chenyewe, wala kwa kunywa maji ya magadi akidhani ni gesi. Dalili ni maumivu ya kubana kifuani, yanayoweza kupanda shingoni au kushuka mkononi, pamoja na jasho jembamba. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari huenda ikawa pumzi kukata tu, bila maumivu.

Je, wajua kwamba aspirini hii ya senti chache ilithibitishwa kwa wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo? Utafiti huo, ISIS-2, ulitolewa mwaka 1988. Peke yake, aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Ikiungana na dawa ya kuyeyusha damu, kwa asilimia 42. Wahariri wa jarida lililouchapisha utafiti huo waliwataka watafiti waonyeshe matokeo kwa makundi madogo madogo. Watafiti walijua kwamba ukigawanya watu vipande vingi mno, bahati nasibu itakuletea upuuzi. Wakakubali, ila wakaongeza kundi moja la kwao: nyota za unajimu. Jedwali likachapishwa likionyesha kwamba aspirini huwasaidia watu wote, isipokuwa waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani.