Ofisi Wanayoipita Kila Siku: Wanafunzi Wetu Uingereza (Sehemu ya Pili)

Makala iliyopita ilieleza gharama za viza, ikiwamo ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka ambayo mwanafunzi wa kigeni huilipa kabla hajapanda ndege. Ada hiyo ndiyo inayomfungulia huduma ya taifa ya afya, NHS. Hata hivyo wako wanaofika karibu na kuhitimu bila kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, wakihofia kudaiwa tena.

Hofu hiyo ina mzizi. Viza ya mwanafunzi ina sharti la kutotumia fedha za umma. Mtu akilisoma usiku, peke yake chumbani, kila mlango wa msaada anauona mtego. Kumbe sharti linahusu posho za serikali, kama zile za makazi na za wasio na kazi. Daktari hayumo, mshauri wa chuo hayumo, wala mfuko wa dharura ambao vyuo vingi vinao kwa ajili ya wanafunzi waliokwama.

Lililo zito zaidi ni kwamba chuo chenyewe ndicho mdhamini wa viza, na kinapaswa kumripoti kwa Wizara ya Mambo ya Ndani mwanafunzi aliyeacha masomo. Basi kijana aliyekosa vipindi kwa kukosa usingizi ataanzaje kwenda kueleza hali yake katika jengo lilelile? Kwa kawaida mazungumzo na mshauri ni siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Lakini hilo huelezwa mtu akishaingia ndani. Aliyebaki nje halisikii.

Kisha kuna lugha, na hapa hata mwenye Kiingereza safi hukwama. Afrika Mashariki "ushauri nasaha" ulienea sana pamoja na vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, na mpaka leo kuonekana mlangoni pa mshauri huzua minong'ono. Huzuni hupelekwa kwa shangazi, kwa padri, kwa shehe. Huko ugenini mwanafunzi akijikaza akaingia, huenda akapewa hojaji ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, inayotumika sana NHS. Anaulizwa kama amepoteza hamu ya mambo. Yeye analo neno lake: ana mawazo. Akilitafsiri lilivyo, mshauri anasikia kwamba kijana anafikiri, basi. Uzito wote umebaki kwenye Kiswahili.

Ni heri aeleze mwili: halali, hali, kifua kinabana, simu za nyumbani hazipokei.

Na kwa anayeogopa jengo la utawala, vyama vingi vya wanafunzi vina washauri wao wasio chini ya chuo. Aanzie huko, na swali lake la kwanza liwe hili: nitakayoyasema yataandikwa wapi, na nani atayasoma?