Rangi ya Furu na Uchaguzi wa Kamera ya Chini ya Maji katika Ziwa Viktoria: Mfano wa Kigera, Musoma

Mwaka 1985 watafiti Witte-Maas na Witte walieleza kwa mara ya kwanza katika maandiko ya sayansi samaki mdogo wa Ziwa Viktoria, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara. Leo samaki huyo hujulikana kama Pundamilia nyererei. Jina la jenasi yake limetokana na neno la Kiswahili, kwa sababu ya mistari myeusi iliyo ubavuni mwake. Yumo katika jamii kubwa ya samaki ambao wavuvi wa ziwa hilo huwaita furu. Dume lake lililo tayari kuzaa huwa na mgongo mwekundu, ilhali dume la ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, huwa na rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu. Rangi hiyo ikiondolewa, ni vigumu sana hata kwa mtaalamu kuwatofautisha.

Jambo hili lina uzito katika uchaguzi wa kamera ya kupigia picha chini ya maji. Vitabu na miongozo mingi kuhusu kazi hiyo imeandikwa kwa ajili ya bahari safi, na mwanafunzi au mpiga picha wa Kigera, mjini Musoma, akiifuata neno kwa neno atanunua vifaa vizuri visivyofaa maji yaliyo mbele yake. Makala haya yanaeleza namna kamera ndogo isiyo na kioo inavyoweza kuchaguliwa kwa kuanzia kwenye maji yenyewe, na kwa kuzingatia kuwa katika picha ya furu rangi si pambo, bali ni data.

Maji kabla ya kamera

Mwanga wa jua una rangi nyingi, na maji hayazipunguzi zote kwa kiwango kimoja. Katika bahari iliyo safi, kama ile ya miamba ya matumbawe ya Mafia au Pemba, rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea; katika kina cha mita chache tu kila kitu huanza kuonekana cha bluu. Ndiyo maana wapiga picha wa baharini hufunga kichujio chekundu mbele ya lenzi.

Ziwa Viktoria lina tabia iliyo karibu kinyume cha hiyo. Maji yake, hasa yaliyo karibu na ufuko na ndani ya ghuba, yana mwani mwingi, tope, na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka. Vitu hivyo humeza kwanza mawimbi mafupi ya mwanga, yaani zambarau na bluu. Kadiri kina kinavyoongezeka, mwanga unaobaki huelekea manjano, kisha rangi ya chungwa na wekundu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi katika visiwa vya mawe vya kusini mwa ziwa hili, walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yanapozidi kuvurugika, majike ya furu hushindwa kuchagua madume kwa rangi zao, na mipaka baina ya spishi huanza kufutika. Mwaka 2008 walionyesha kwamba, pale ambapo maji bado yana uwazi wa kutosha, macho ya spishi mbili zilizotajwa hapo juu yametofautiana kulingana na mwanga wa kina ambamo kila moja huishi: yule wa bluu karibu na uso wa maji, yule mwekundu chini zaidi.

Mpiga picha anayefunga kichujio chekundu katika maji kama haya anaondoa hata ile bluu kidogo iliyosalia. Dume la bluu litatoka la kijivu, na huenda likasajiliwa kimakosa. Kosa la namna hiyo si dogo katika ziwa ambalo inakadiriwa lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, na ambamo karibu 200 zinadhaniwa kutoweka baada ya sangara kupandikizwa na maji kubadilika. Spishi nyingine zimebaki katika picha na chupa za makumbusho tu, na ndani ya chupa rangi hazidumu.

Hatua ya kwanza, basi, haigharimu karibu chochote. Ni kupima uwazi wa maji kwa sahani ya Secchi, kifaa kilichobuniwa na padri na mwanasayansi wa Kiitalia Angelo Secchi mwaka 1865. Sahani hiyo ya kipenyo cha sentimita 20, iliyogawanywa robo nyeupe na robo nyeusi, hushushwa kwa kamba yenye vipimo hadi isionekane tena. Kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi na kufungiwa jiwe hufanya kazi hiyohiyo. Mji wa Musoma umezungukwa na ziwa pande kadhaa, na upande wa kaskazini Mto Mara humwaga maji yake katika Ghuba ya Mara. Kwa hiyo vipimo vya siku moja havitoshi. Anayepima wakati wa kiangazi, kisha akarudia baada ya mvua za masika, atafahamu ni miezi ipi kamera yoyote ile itakuwa na kazi ya kufanya.

Kwa nini kamera isiyo na kioo

Kamera za lenzi za kubadilishwa zilizotangulia zilikuwa na kioo cha ndani kilichoelekeza mwanga kwenye jicho la mpigaji, na ambacho kiliruka juu kila picha ilipopigwa. Mwaka 2008 kampuni za Olympus na Panasonic zilitangaza mfumo wa Micro Four Thirds uliokiondoa kioo hicho, na Panasonic ikatoa kamera ya kwanza ya mfumo huo mwaka huohuo. Mwili wa kamera ukapungua unene, na kasha la kuzuia maji likapungua pamoja nao. Faida kubwa zaidi kwa anayefanya kazi majini ni kwamba kiwambo huonyesha rangi na mwanga kama vitakavyokuwa kwenye picha, kabla ya kubonyeza. Hasara yake ni betri: kiwambo kinachowaka muda wote huimaliza upesi, na nyingi za kamera ndogo za aina hii hupiga kiasi cha picha 300 hadi 400 kwa chaji moja.

Ukubwa wa kihisi cha mwanga huzungumzwa mno madukani, aghalabu kwa namna isiyomsaidia mnunuzi. Kihisi cha Micro Four Thirds kina milimita 17.3 kwa 13. Kile cha kamera ndogo zilizoundwa kuingia majini bila kasha, mfano Olympus TG-6 ya mwaka 2019, kina eneo dogo zaidi karibu mara nane. Katika ziwa hili tofauti hiyo huonekana mahali mahususi: picha iliyopigwa kwa mwanga wa asili inaporekebishwa ili bluu irudi, programu hulazimika kukuza sehemu ya data iliyo dhaifu kuliko zote, na kihisi kidogo hujaza sehemu hiyo chenga. Hata hivyo, kwa anayepiga kwa flashi na kwa ukaribu, TG-6 huhifadhi faili ghafi, huingia mita 15 bila kasha na hulenga kitu kilicho sentimita moja mbele ya lenzi. Mwenye fedha kidogo asidharau chombo hicho. Kamera zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, kwa upande mwingine, hudai lenzi kubwa, kasha kubwa na mtumbwi uliotulia. Kwa samaki wa urefu wa kidole faida yake haiulipi mzigo wake.

Faili ghafi ni sharti lisilojadiliwa. Kamera inayohifadhi picha zilizokwisha kubanwa na kupakwa rangi na mtambo wake yenyewe imemwamulia mtafiti jambo ambalo alipaswa kuliamua mwenyewe. Sharti la pili ni uwezo wa kuipimia kamera weupe kwa mkono, kwa kuielekeza kwenye kadi ya kijivu iliyoshushwa kina kilekile alipo samaki. Mnunuzi auone utaratibu huo ukifanyika dukani, na ahesabu ni vitufe vingapi vinabonyezwa. Vikizidi vitatu au vinne, ndani ya kasha havitabonyezwa.

Lenzi na umbali

Sehemu hii ndiyo inayoamua matokeo kuliko nyingine zote, na ndiyo wanunuzi wengi huifikiria mwisho, baada ya fedha kwisha.

Maji yenye chembe hayapunguzi ubora wa picha kidogo kidogo kwa kipimo sawa, huugawanya. Ikichukuliwa kwamba maji fulani hula nusu ya ukali wa picha kwa kila sentimita 20, basi picha iliyopigwa kutoka nusu mita imebakiwa na chini ya robo ya ukali wake. Hakuna kihisi wala programu inayorudisha kilichopotea hivyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si lenzi inavuta kiasi gani, bali inaweza kusogea karibu kiasi gani huku ikimchukua samaki mzima.

Furu wa sentimita 10 anayetakiwa kujaza upana wa kihisi cha Micro Four Thirds ni mfano mzuri. Lenzi ya kukuzia ya Olympus ya milimita 60 ni maarufu miongoni mwa wapiga picha wa baharini, kwa kuwa humwezesha mtu kukaa mbali na viumbe waoga. Ikiwa nyuma ya dirisha bapa la kasha, na kwa hesabu ya makadirio, itaacha karibu nusu mita ya maji kati ya dirisha na samaki. Lenzi ya kampuni hiyohiyo ya milimita 30, iliyotoka mwaka 2016, itaacha takribani sentimita 20. Sifa inayoipa ile ndefu heshima baharini ndiyo inayoiharibia kazi ziwani. Panasonic nayo ina lenzi ya kukuzia ya milimita 30, na Sony ina ya namna hiyo kwa kamera zake ndogo. Mnunuzi hafungwi na kampuni moja.

Dirisha la kasha lina sehemu yake katika hesabu hii. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha, na kwa dirisha bapa vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Kwa lenzi ya kukuzia hilo si tatizo. Kwa lenzi pana, inayotumika kuonyesha samaki pamoja na mawe anayoyalinda, dirisha bapa hupunguza upana na kuharibu pembe; hapo huhitajika dirisha la umbo la kuba. Kuba nayo huitaka lenzi ilenge karibu sana, hivyo si kila lenzi pana huifaa.

Kuhusu flashi, iliyojengwa ndani ya kamera isitumike. Ikiwaka karibu na lenzi humulika chembe zote zilizo mbele yake, na picha hujaa madoa meupe mithili ya unga uliomwagwa. Flashi huwekwa kwenye mikono miwili, pande zote za kasha, ikielekezwa nje kidogo ili ukingo tu wa mwanga wake umguse samaki. Kwa umbali wa sentimita 20 mwanga huo mweupe hurudisha rangi kamili, bluu ikiwemo.

Kasha, na kamera isiyo na mzamiaji

Kasha hutengenezwa kwa ajili ya kamera moja tu, na mara nyingi bei yake hulingana na ya kamera au kuipita. Kamera mpya ikitoka, kasha la ile ya zamani huacha kutengenezwa. Mnunuzi anayeagiza vifaa kutoka mbali hadi Musoma anunue kamera na kasha lake kwa pamoja, pamoja na mipira ya akiba ya kuziba, badala ya kununua kamera leo kwa matumaini ya kupata kasha kesho. Biashara ya kamera ya Olympus ilihamia kampuni ya OM Digital Solutions mwaka 2021. Mabadiliko ya namna hiyo ni sababu nyingine ya kuhakikisha vipuri kabla ya kulipa.

Linabaki suala la nani aishike kamera. Ziwa Viktoria lina kichocho katika maji ya kando, na mahali pengi lina mamba na viboko. Isitoshe, uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya uzamiaji yaliyoandikwa kwa bahari hayafai kutumiwa humo bila marekebisho. Ni busara kufikiria kamera inayoshushwa kwa mti mrefu kutoka kwenye mtumbwi. Uamuzi huo hubadilisha orodha ya mahitaji. Mawimbi ya Wi-Fi hufifia upesi majini, hivyo kuiongoza kamera kwa simu hakutegemewi. Inafaa kamera iwe na uwezo wa kupiga yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, au kurekodi video kwa muda mrefu bila kuzimika. Njia nyingine, ambayo watafiti wa furu wameitumia kwa miaka mingi, ni kumpiga picha samaki aliyevuliwa sasa hivi ndani ya kitangi chembamba cha kioo, kabla rangi haijafifia. Njia hiyo haionyeshi samaki akiwa nyumbani kwake, lakini kwa kazi ya utambuzi inatosha, na kamera yake haihitaji kasha kabisa.

Kwa anayeshusha kamera, kasha lifungwe kivulini, mahali pakavu, lisije likapata ukungu ndani litakapokutana na ubaridi wa maji. Kabla ya siku ya kwanza lizamishwe tupu, likiwa na karatasi kavu ndani, kwa nusu saa katika kina kilekile kitakachofanyiwa kazi. Karatasi ikitoka na doa, mpira ufunguliwe, ufutwe mchanga na upakwe mafuta yake upya. Kadi ya kijivu ifungwe kwenye mti uleule, ukingoni mwa fremu, ili kila picha itoke majini ikiwa na kipimo chake cha rangi.