Farasi Mgeni na Siku Yake ya Kwanza Mawindoni

Katika Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ipo kengele ya zamani ambayo kwayo watu walipaita mahali hapo Kengeleni. Hapo ndipo palipojengwa Frere Town, mji uliofunguliwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Wakazi wake hawakuogopa safari. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipofunga safari ya kwenda Buganda, aliongozana na kasisi William Jones, Mwafrika aliyesomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Msafara huo ulikwenda kwa miguu, siku nyingi sana, ukipita nyika na nchi ya Wamasai.

Mtu huweza kuuliza kwa nini misafara ya namna hiyo haikutumia farasi. Sababu kubwa ni maradhi. Katika vichaka vya pwani na nyika yumo mbung'o, na mwaka 1895 daktari David Bruce alithibitisha huko Zululand kwamba mdudu huyo ndiye achukuaye vijidudu vya nagana, vinavyoua ng'ombe na farasi. Tena yako maradhi mengine ya farasi yanayoenezwa na visubi warukao usiku. Yakija kwa ukali, farasi tisa katika kumi huweza kufa. Lakini punda huyastahimili, na punda milia huyachukua bila kuonyesha dalili kubwa. Ndiyo maana mtu wa pwani alimjua punda kuliko farasi.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mambo yalibadilika. Farasi aliyeshushwa Mombasa aliweza kupandishwa gari moshi na kuivuka nyika upesi, mpaka nchi ya juu yenye baridi na majani mengi. Hata huko maradhi hayakukosekana, hasa wakati wa mvua, lakini farasi waliweza kufugwa. Walowezi wakaanza kuwatumia mawindoni. Jim Elkington alifuga mbwa wa kuwinda katika shamba lake la Masara, karibu na Nairobi, akawafukuza mbweha kwa desturi ya Uingereza. Wengine waliwafuata simba kwa farasi katika uwanda wa Athi na Kapiti.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba farasi mwenye mbio si lazima awe farasi wa mawindo. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Ndiyo silaha aliyopewa. Akisikia mlio wa bunduki, au akinusa harufu ya simba, moyo wake humwambia aondoke, wala hamkumbuki aliye mgongoni. Kumpeleka mawindoni bila kumfunza ni kuhatarisha roho mbili kwa siku moja.

Mafunzo huanza zizini. Saisi humzoeza kwanza kushikwa mwili mzima, kutiwa lijamu na kuwekewa tandiko. Kisha bunduki hulipuliwa mbali sana wakati farasi anapokula, na kila siku mlio husogezwa karibu kidogo, mpaka aone kwamba mlio ule haumletei maumivu. Baada ya hapo huonyeshwa ngozi mbichi na nyama iliyochinjwa, apate kuizoea harufu ya damu. Mwisho hufundishwa kusimama mahali pamoja hatamu zikiwa chini, kwa maana mwindaji akishuka kupiga risasi, farasi akatoroka, mwindaji hubaki peke yake uwandani.

Siku ya kwanza yenyewe yataka busara kubwa zaidi. Farasi mgeni hufuatana na farasi mzee aliyetulia, kwa kuwa farasi hujifunza woga na ushujaa kwa mwenziwe. Huwekwa nyuma ya kundi, aende kwa hatua, halafu matiti, wala asiachiliwe kwenda shoti hata wenzake wakitangulia. Mashimo ya ngiri na muhanga ni mengi, na farasi asiyejua kutazama aendapo huweza kuvunjika mguu. Waingereza wana desturi ya kumfunga farasi mgeni utepe wa kijani mkiani, na yule apigaye mateke utepe mwekundu, ili wengine wajihadhari. Akitulia kwa saa moja au mbili, hurudishwa nyumbani kabla ya kuchoka. Mpanda farasi asikitike kwamba hakupata mnyama: siku hiyo windo lake ni tabia njema ya farasi.

Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, alipanda gari moshi kwenda Kapiti, akawinda katika shamba la Sir Alfred Pease huko Kitanga. Farasi wake mmoja aliitwa Tranquillity, yaani Utulivu. Jina hilo lataja sifa ambayo kila mwindaji angeitaka.

Lakini hata farasi aliyefunzwa hawezi kuwa na busara badala ya bwana wake. Mapema mwaka 1911 George Grey, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, alimfuata simba kwa farasi uwandani, Pease akiwa pamoja naye. Grey alikuwa mtu shujaa, mwenye maarifa ya pori. Alimkaribia simba mno, akashuka, akapiga risasi. Simba hakuanguka, akamrukia. Alichukuliwa Nairobi, akafa huko kwa majeraha yake. Farasi alimfikisha, lakini umbali wa kusimama ulikuwa shauri la mtu mwenyewe.

Mawindo ya namna hiyo yamekwisha katika Kenya, kwa maana Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo mafunzo hayakupotea. Katika mashamba na hifadhi za Laikipia wageni hutazama wanyama wakiwa juu ya farasi, na farasi mchanga bado hutangulizwa na mzee, bado huzoezwa harufu ya tembo na sauti za pori kabla ya kukabidhiwa mgeni.

Mkulima anayemfunza maksai kuvuta plau, na karani mkuu anayempokea kijana katika afisi, wote wawili waijua kazi hii. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini amkunjaye kwa nguvu humvunja. Siku ya kwanza ya kiumbe chochote kazini ni siku ya kumjaribu mwalimu wake kuliko yeye mwenyewe.