Ulimi wa Mgonjwa Hausemi Uongo



Miongoni mwa neema alizotujaalia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na ambazo ni nadra kuzikumbuka katika shukrani zetu, ni neema ya kuonja. Hatuitambui thamani yake hadi ituponyoke. Wali wa nazi ni ule ule, mchuzi wa samaki umeungwa kwa mkono ule ule, lakini anayekula asema hauna chumvi, au unanuka, au una ladha ya chuma. Hapo ndipo fitina ndogo huingia nyumbani: mavyaa hudhani mkaza mwana amelegea jikoni, mkaza mwana hudhani anatafutiwa sababu, na mume hudhani mkewe mjamzito anadeka. Makala haya yakusudia kubainisha kwamba mara nyingi hapana mwenye makosa. Kilichobadilika si chungu bali ni ulimi.

Ladha hupatikanaje?

Ulimini na kooni mmetapakaa maelfu ya vinundu vidogo vya kuonjea, vinavyotambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nono ya supu ya nyama. Chembe hai zilizomo ndani yake hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hivi. Mate huyeyusha chakula na kukifikisha kwenye vinundu hivyo, nayo pua huongeza harufu, ambayo ni sehemu kubwa ya kile tukiitacho ladha. Ndiyo maana mwenye mafua hula pilau asihisi iliki wala bizari. Basi chochote kinachogusa chembe hizo, mate au pua, hukibadilisha chakula chote.

Dawa na ulimi

Dawa za saratani hushambulia chembe zinazozaliana upesi. Hazipambanui sawasawa baina ya chembe za saratani na chembe za ulimi, hivyo zote huathirika. Mgonjwa huiona nyama chungu, na kinywa chake kuwa kama cha mtu aliyemumunya sarafu. Tiba ya mionzi ya kichwani au shingoni huweza pia kukausha mate. Aghalabu ladha hurejea wiki au miezi kadhaa baada ya tiba kwisha, ingawa baadhi ya waliotibiwa kwa mionzi hungoja zaidi, na wengine haiwarejei kikamilifu.

Si dawa za saratani pekee. Metronidazoli inayotibu maambukizo ya tumbo, metformini ya kisukari na kaptoprili ya shinikizo la damu, zote zaweza kubadilisha ladha. Hatari hapa ni mbili. Ya kwanza, mgonjwa huacha dawa kimya kimya. Ya pili, mwenye shinikizo la damu huzidisha chumvi, na mwenye kisukari huzidisha sukari, ili kuufidia ulimi uliofifia. Inafaa mgonjwa amweleze daktari, ambaye pengine atabadilisha dawa au kipimo chake, asijibadilishie mwenyewe.

Mja mzito na mama wa makamo

Katika miezi 3 ya mwanzo ya ujauzito, homoni hupanda kwa kasi, na pamoja nazo hubadilika ladha na harufu. Chai aliyoipenda humchefua, na kitunguu kinachokaangwa humfukuza jikoni. Kwa wengi hali hii hupungua baadaye. Lakini mjamzito anayetamani kula udongo au mawe asichekwe wala kufichwa. Aelezwe mkunga kliniki, kwani huenda amepungukiwa na damu.

Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka. Baadhi ya wanawake hukaukwa na kinywa, huhisi ulimi ukiwaka moto, au hukaa na uchungu mdomoni pasipo kula chochote kichungu. Tezi ya shingoni ikizembea nayo huweza kufifiza ladha. Hali ikidumu, apimwe.

Tufanyeje nyumbani?

Asukutue kinywa kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula, na asiache mswaki. Akihisi ladha ya chuma, atumie kijiko cha plastiki au cha mti. Nyama ikimshinda, apewe kuku, samaki, mayai, kunde au mbaazi. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kali. Ndimu na ukwaju huamsha mate, lakini mwenye vidonda kinywani aviepuke. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi. Akizidi kukonda au kushindwa kula, apelekwe hospitali pasi na kuchelewa.

Tusisahau mafunzo ya dini yetu. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza wagonjwa na wafiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, nao bado wafaa kwa kinywa kilichochoka. Naye Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Wengi wetu huikumbuka sehemu ya kwanza tunapomkemea anayelalamika, tukaisahau ya pili. Kukiacha chakula si kukitia ila, wala si kumdharau mpishi. Mgonjwa na ajifunze kusema, "Mkono wako ni mwema, ulimi wangu ndio mgonjwa", na mpishi ajifunze kuuliza, "Leo ulimi wako wapokea nini?"

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awajaalie waja wazito wetu salama. Amin.