Mgodi wa Risasi na Fedha wa Mpanda: Miamba, Reli na Kufungwa Kwake

Mgodi wa Mukwamba, karibu na mji wa Mpanda katika mkoa wa sasa wa Katavi, ulichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals hadi ulipofungwa mwaka 1960. Kwa ajili yake ilijengwa njia ya reli ya takribani kilometa 210 kutoka Kaliua, ambayo ilikuwa imetumika kwa mwongo mmoja tu wakati mgodi unakoma. Makala haya yanashikilia kwamba sababu za uhai mfupi wa mgodi huo haziwezi kutafutwa ndani ya mwamba peke yake.

Mpanda imo katika Ukanda wa Ubendi, unaopakana na ukingo wa kusini-magharibi wa bamba kongwe la Tanzania. Miamba yake, hasa naisi, ilikunjwa na kubadilishwa na joto na mgandamizo takribani miaka bilioni mbili iliyopita, na ikabakiwa na nyufa ndefu zinazoelekea kaskazini-magharibi. Maji ya moto yenye madini yalipanda kupitia nyufa hizo yakaacha mishipa ya kwatzi na kabonati, ikiwa na galena, shaba na dhahabu kidogo. Galena safi ina takribani asilimia 87 ya risasi. Fedha haionekani kwa macho, kwa kuwa imejificha ndani ya galena yenyewe kwa viwango vidogo. Kwa hiyo mchimbaji hawezi kuifuata fedha bila kuibeba risasi yote.

Jambo hili lilikuwa na uzito wa kiuchumi. Mgodi ulisafirisha makinikia, si metali. Kazi ya kutenganisha fedha na risasi hufanyika katika kiwanda cha kuyeyushia: zinki hutiwa ndani ya risasi iliyoyeyuka, fedha ikajiunga na zinki na kuelea juu kama utando unaoweza kuenguliwa. Kiwanda cha aina hiyo hakikuwapo Tanganyika. Mjadala uliozuka nchini mwaka 2017, Serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje, kwa kawaida huelezwa kama jambo la migodi mikubwa ya dhahabu. Mpanda unaonyesha kwamba swali hilo lina umri mkubwa zaidi.

Kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam, kupitia Kaliua na Tabora, ni zaidi ya kilometa 1,100 za reli, na baada ya hapo ni safari ya meli. Gharama hiyo ilivumilika bei ya risasi ilipokuwa juu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 bei ilianza kuporomoka, na mwaka 1958 Marekani iliwekea mipaka uingizaji wa risasi na zinki. Mgodi wa bara, wenye mishipa badala ya tabaka pana, haukuwa na nafasi ya kupunguza gharama zake. Ulinganifu na Tegeta unasaidia hapa. Chokaa ya kilima cha Wazo, iliyotokana na matumbawe ya bahari ya kale, ina thamani ndogo mno kwa tani ikilinganishwa na galena. Hata hivyo imekuwa ikichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960, kwa sababu mnunuzi wake, jiji linalojengwa, yuko mlangoni.

Reli haikufa na mgodi. Iliendelea kubeba abiria na nafaka, na kuufanya Mpanda mji badala ya kambi. Mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya.

Upande ambao maandishi ya kihistoria huupita haraka ni mabaki. Risasi haiozi wala haipungui sumu kwa kupita kwa miaka. Katika jimbo la Zamfara, Nijeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani na vumbi lake kuenea uani. Wachimbaji wadogo wa Mpanda nao wanatafuta dhahabu katika mishipa ya aina ileile inayobeba galena. Kwa hiyo upimaji wa udongo na wa damu za watoto, katika maeneo ya kusagia mawe na kuzunguka mgodi wa zamani, unastahili kutangulia mpango wowote wa kuufufua mgodi huo.