Mgomo ukiisha, nani anamtibu nesi?

1/ Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56. Kwenye mijadala tulisikia mishahara tu. Sawa, lakini kuna deni lingine.

2/ Nesi anapoteza mama na mtoto zamu moja, na papo hapo anaitwa kitanda kingine. Baadaye usingizi unapotea, wodi inamtisha. Hicho ni kiwewe, si uvivu.

3/ "Jikaze" si sera. Kinachosaidia ni zamu zenye watu wa kutosha, muda wa kupumua, msimamizi anayejulia hali na ushauri nasaha wa siri.

4/ Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo anayeomba kura ya ugavana, muulize: hiyo iko kwa bajeti, ama ni stori tu?