Je, Wajua? Banda la Ng'ombe Lisilo na Kona

Chukua kamba ya mita 100. Ukizungushia nayo mraba, utapata eneo la mita za mraba 625. Ukizungushia mstatili wa mita 40 kwa 10, umbo la banda refu la kawaida, utapata 400 tu. Duara litakupa karibu 796. Kwa mfugaji anayenunua mbao za ukuta, hiyo ni fedha, nayo iliwashawishi wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, hasa kati ya miaka ya 1890 na 1920, kujenga mabanda ya mviringo.

Banda mashuhuri zaidi lilitangulia wimbi hilo. Washaker, waumini wa dhehebu la Kikristo walioishi kijamaa, walilijenga kwa mawe huko Hancock, Massachusetts, mwaka 1826. Mikokoteni iliingia ghorofa ya juu, ikamwaga nyasi kavu katikati, ikazunguka na kutoka bila kurudi kinyumenyume. Chini yake, ng'ombe zaidi ya hamsini walisimama vichwa vikielekea kwenye rundo hilo. Samadi ilisukumwa kwenye vilango vya sakafuni, ikaangukia chumba cha chini, tayari kupelekwa shambani. Moto uliteketeza sehemu zake za mbao mwaka 1864. Kuta zilisalia, na banda likajengwa upya.

Mpangilio huo unamfuata ng'ombe mwenyewe. Mwili wake ni kabari: mbele mwembamba, nyuma mpana. Wakisimama kwa duara, vichwa ndani, kila mmoja anajaza nafasi yake sawasawa. Mlishaji naye yuko katikati, na kila hori liko hatua chache kutoka alipo. Kwangu mimi, akili kubwa ya banda hili imo katika hatua hizo zilizookolewa asubuhi na jioni, kuliko hata hesabu ya kuta.

Mwaka 1889 Franklin Hiram King, mwanasayansi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alimchorea ndugu yake banda la namna hiyo, akasimamisha katikati silo ya mviringo, yaani ghala la kuvundikia majani ya kulishia ng'ombe. King alielewa kwa nini silo zenye kona ziliharibu chakula: majani hayashindiliki vizuri konani, hewa inabaki, na sileji, yaani majani hayo yaliyovundikwa, inaoza. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Wilber Fraser alilitetea wazo hilo kwa vipimo na gharama katika chapisho la mwaka 1910, na chuo chenyewe kilijenga mabanda matatu huko Urbana. Bado yamesimama.

Tusiwasahau mafundi. Kukunja mbao zifuate mviringo, kisha kuezeka paa la kuba lisilohitaji msitu wa nguzo ndani, si kazi ya kubahatisha. Katika Kaunti ya Vernon, Wisconsin, sifa nyingi zinamwendea Alga Shivers, seremala Mmarekani mweusi aliyejenga mabanda kadhaa ya aina hiyo.

Lakini ufundi huo ulikuwa ghali, ukamega akiba iliyopatikana kwenye mbao. Katikati ya banda palikuwa na giza. Aliyetaka kuongeza ng'ombe hakuwa na pa kuongezea: banda la mstatili hurefushwa upande mmoja, duara halina upande. Bei za mazao zikaanguka miaka ya 1920, kisha zikaja trekta na mitambo inayosogeza chakula na samadi kwa mstari ulionyooka. Hatua za mlishaji zikapoteza thamani.

Hatua za mkamuaji hazikupoteza. Mwaka 1930, kampuni ya Walker-Gordon huko Plainsboro, New Jersey, ilizindua Rotolactor, mtambo uliobuniwa na Henry Jeffers: jukwaa la mviringo lililobeba ng'ombe 50 na kuzunguka polepole wakikamuliwa kwa mashine. Majukwaa ya jamii hiyo yanatumika leo katika mashamba makubwa ya maziwa, yakiwemo ya New Zealand. Mkamuaji husimama mahali pamoja, ng'ombe wakamfuata mmoja baada ya mwingine.